Onyo kwa Mjumbe wa Pili

Tabu Suleiman alikuwa mtu wa vikaratasi. Katika vyumba viwili alivyopanga Kinyerezi, swichi ya taa ya barazani ilifungwa kichwa chini miguu juu, kiasi kwamba ukitaka taa iwake unaizima. Fundi yeyote angeigeuza kabla chai haijapoa. Tabu hakumwita fundi, alibandika kikaratasi: "Ndivyo ilivyo. Makusudi." Mlango wa friji ulishikwa na kipande cha mpira wa tairi, na juu yake: "Usiufungue mpira. Makusudi." Kwenye ndoo iliyotoboka: "Ya kumwagilia mchicha. Makusudi." Mgeni aliyefika kwa mara ya kwanza alisoma kuta, ndipo akatafuta kiti, na kiti nacho kilikuwa na lake la kusema.

Ugonjwa huu aliupata kwa mama yake. Bi Mwanakombo, Mzaramo wa kuzaliwa na wa kujivunia, alikuwa mwepesi wa kukaripia na mzito wa kuuliza. Ukiacha sufuria katikati ya ua ikikinga tone la paa, alikukaripia kwanza kwa kuacha vyombo nje, akakuuliza baadaye, na akishapata jibu hakulifuta karipio, aliliweka akiba. Mtoto wa nyumba ile alijifunza kutoa maelezo kabla kosa halijaonekana. Wenzake walijifunza kukimbia. Tabu alijifunza kuandika.

Alipokua, akaajiriwa kuandika programu za kompyuta, kazi ambayo wenyewe huiita kuandika kodi. Bi Mwanakombo alilipeleka neno hilo Kibamba, alikojenga baada ya kustaafu biashara ya vitenge, akalikabidhi kwa majirani kama alivyolipokea. Mtaa mzima ukajua kwamba binti wa Bi Mwanakombo ni mtu wa kodi. Tangu hapo, kila Tabu alipokwenda kumsalimu mama yake, mwenye duka wa kona alimwamkia kwa heshima isiyo ya umri wake, akafunga na droo ya pesa.

Ofisi yenyewe ilikuwa Kipawa, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikipita kikao husimama, na kila mtu hubaki ameshika sentensi yake mkononi mpaka kelele iishe. Kampuni ilitengeneza visanduku vya kuendesha pampu za visima vya mitaani. Kisanduku huwasha pampu, huangalia tangi, huzima tangi likijaa, na hulala kisima kikikauka. Akili yote ya kisanduku iliandikwa na Tabu. Waya, bodi na kila kinachoweza kumpiga mtu shoti kilikuwa mikononi mwa Hija, fundi aliyetoka Tabora.

Hija Mnyamwezi, Tabu Mzaramo, watani wa jadi. Kwa hiyo kila asubuhi ilianza hivi:

"Mtumwa wangu umefika? Hebu nipigie viatu rangi."

"Mpagazi wewe, shusha kwanza mzigo. Babu yako alibeba pembe kutoka Unyamwezi mpaka pwani, akafika kwetu ulimi nje, akaomba maji. Kapewa kata ya maji, kanywa, kaondoka nayo. Mpaka leo kata yetu hatujaiona."

"Siku ukifa, Tabu, mie ndo wa kwanza kuingia kaburini. Nalala humo. Ndugu zako hawakuziki mpaka wanipe jogoo."

"Utalala sana. Kwetu hatufugi."

Baada ya hapo walikunywa chai kwenye kikombe kimoja kwa sababu kingine kilipasuka.

Sasa, ili jambo lililompata Tabu lieleweke, lazima kompaila itambulishwe. Kompaila ni programu inayochukua alichoandika mtu na kukigeuza kuwa lugha ya chuma. Ni mtumishi mwaminifu, lakini ana mdomo: kila inachokitilia shaka, hutoa onyo. Haikatai kazi, inaonya tu, kisha inaendelea, kama shangazi.

Tabu aliizoea. Kwa mfano, pampu ikipata hitilafu, kisanduku lazima kifanye mambo matatu mfululizo: kizime mota, kifunge koki ya tangi, kiwashe taa nyekundu. Aliyaandika kama ngazi. Unaingia kwenye kidato kinachokuhusu, na usiposimamishwa unateremka mpaka chini. Mara nyingi, kuteremka hivyo ni mwandishi kasahau kuandika "simama", na kompaila huonya. Kwa Tabu yalikuwa makusudi. Kwa hiyo pembeni ya kila kidato alibandika kikaratasi chake, yaani maelezo ambayo chuma hakiyasomi lakini kompaila huyachungulia. Mwanzoni aliandika "Makusudi". Kompaila ikaendelea kuonya, kwa kuwa katika maisha yake yote haikuwahi kujifunza Kiswahili. Akaandika kwa Kiingereza kwamba anateremka kwa hiari yake na akili zake timamu. Ikanyamaza.

Halafu kulikuwa na vifupisho. Mwandishi wa programu hachoki kuwa mvivu; badala ya kurudia mstari mrefu huupa jina fupi, na kompaila hulifungua yenyewe. Vifupisho vingi ni vya kukopa, vya watu wa mbali, na vikifunguliwa huwa na sura ya kutisha: kimoja kinauliza kama moja ni moja, kingine kinaangalia kitu kama kimejizidi chenyewe. Lakini kompaila ikijua kwamba neno limetoka ndani ya kifupisho, humezea, kama mwenyeji anavyommezea mgeni anayekula kwa mkono wa kushoto. Labda kwao ndivyo.

Kwa njia hiyo Tabu na kompaila waliishi kwa amani, na kila programu yake ilitoka bila onyo hata moja. Hilo lilimfurahisha sana meneja, Mzee Wilbert.

Mzee Wilbert hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa afisa utumishi wa halmashauri kwa miaka mingi, na alipostaafu wenye kampuni walimchukua awatie adabu vijana. Neno "onyo" kwake lilikuwa na maana moja tu. Kulikuwa na onyo la mdomo, onyo la maandishi na onyo la mwisho, na baada ya hapo kulikuwa na kukabidhi funguo. Aliposikia kwamba kompyuta nazo zinatoa maonyo, moyo wake ulitulia. Aliona serikali imefika mpaka huko. Akabandika ukutani: ONYO SIFURI.

Amani iliharibiwa na Audax, kijana aliyetoka Bukoba, mwenye laptop mbili na asiye na subira hata moja. Audax aliudhika kuona Tabu anabonyeza, anaenda kuchemsha chai, anarudi, na kompaila bado inatafakari. Akabuni mpango. Kompyuta moja itafungua kwanza vifupisho vyote, itoe faili moja refu, kisha igawe vipande kwa kompyuta nyingine za ofisi zifanye kazi pamoja.

"Sista, utasahau chai," alisema.

Ilikuwa kweli. Kazi ikaisha maji hayajachemka. Ila safari hii ilikuja na maonyo arobaini na ushee.

Mzee Wilbert aliyachapisha yote, akamwita Tabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa." Karatasi zilikuwa mbele yake, zimepangwa kingo kwa kingo. "Tabu, mtumishi akipata maonyo mangapi anaachishwa kazi?"

"Matatu, mzee."

"Wewe unayo arobaini na kitu. Asubuhi moja. Mimi nilifanya kazi halmashauri, nimeona walevi, nimeona mtu kauza tairi za gari la ofisi huku gari linatembea. Arobaini sijaona."

"Mzee, hayo si maonyo yangu. Ni ya programu."

"Programu kaandika nani?"

"Mie."

"Enhe."

"Lakini kwenye laptop yangu haitoi hata moja. Ni programu ileile, mzee, sijagusa nukta."

"Ndo maana mtu hajikagui mwenyewe," alisema Mzee Wilbert kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. Akafungua kabati, akatoa faili binafsi la mtumishi Tabu Suleiman, akatia zile karatasi ndani, akafunga kamba. "Audax atayaondoa yote. Ijumaa nataka sifuri. Jumamosi kisanduku kinakwenda kufungwa, na kinakwenda na jina la atakayekisafisha."

Kisanduku chenyewe kilikuwa kinakwenda Kibamba, mtaani kwa Bi Mwanakombo.

Tabu hakusumbuliwa sana na jina. Kilichomsumbua ni huko kusafisha. Audax angeyaondoaje maonyo ya vidato? Kwa kuandika "simama" kwenye kila kidato. Kompaila ingeridhika kabisa. Na pampu ikipata hitilafu, mota ingezima, ingesimama hapo, koki isifungwe, na maji yote ya tangi yangerudi kisimani kimyakimya. Majirani wa mama yake wangeamka na ndoo, wakute tangi tupu, wakumbuke ni kazi ya nani. Na Bi Mwanakombo, kama tulivyosema, hukaripia kwanza.

Alimweleza Audax. Audax alisikiliza vizuri.

"Sista, mie nakuelewa. Lakini bosi kasema sifuri. We unaweza kumwambia sifuri si sifuri?"

Tabu na Hija wakakaa wakachunguza. Tabu alichukua programu yake kama alivyoiandika, akaipa kompaila ya laptop yake: kimya. Akachukua lile faili refu lililokwisha kufunguliwa vifupisho, akaipa kompaila ileile, laptop ileile: arobaini na ushee.

"Kwa hiyo si kompyuta za Audax," alisema Hija.

"Ni kule kufungua."

Akafungua faili refu alisome kwa macho yake. Vikaratasi vyote havikuwapo. Mashine ya kufungua vifupisho iliona maelezo ya pembeni ni takataka, ikafagia. Vidato vilibaki vitupu, kimoja baada ya kingine, kama ngazi ya nyumba iliyohamwa. Na vifupisho vya kukopa vilikuwa vimelazwa pale vikiwa wazi, havina tena alama ya vilikotoka, vinaonekana kama Tabu mwenyewe kakaa akaandika kwa mkono wake kwamba moja ni moja. Alijisikia kama mtu aliyerudi Kinyerezi akakuta kuta zake zimepakwa rangi.

Alirudi kwa Mzee Wilbert kumweleza. Alitumia mfano wa barua, wa mgeni, wa ngazi. Mzee Wilbert aliuliza swali moja.

"Unataka kuniambia maneno yaleyale ni kosa yakisomwa chumba hiki, na si kosa yakisomwa chumba kile?"

"Ndiyo, mzee."

"Tabu, hata mahakamani hawajafika huko."

Jioni mama yake akapiga simu. Hakutoa salamu, alianza katikati, kama kawaida yake.

"Nimewaambia watu Jumamosi."

"Ndiyo, mama."

"Nimewaambia wasinunue tena maji kwa yule wa matoroli. Kanuna. Kaniambia mtaona. Tutaona nini?"

"Maji, mama."

"Maana hapa nishasema ni mwanangu. Sijasema kampuni, nimesema mwanangu. Nisiaibike, Tabu. Mie sikukuita Tabu ili uniletee."

Hapa inabidi aingie Bi Demetria, mhazili wa ofisi, mwanamke wa makamo aliyesomea hatimkato enzi ambazo hatimkato ilikuwa elimu. Mkiongea kwa kasi ya cherehani yeye anachora tu mikwaruzo yake, halafu anakaa kwenye mashine na kuifungua mikwaruzo ile kuwa Kiswahili fasaha, neno kwa neno. Hakuwahi kukosea. Mzee Wilbert, wiki chache nyuma, alikuwa ametoka kwenye semina ya utawala bora na kanuni mpya: muhtasari wa kikao usitaje majina, ili ijadiliwe hoja na si mtu, wala usibebe mapambo, yaani vicheko, makofi na mizaha. Bi Demetria aliipokea kanuni bila maoni, akaitekeleza hivyohivyo.

Jumatano kilifanyika kikao cha mafundi kuhusu yale maonyo. Mzee Wilbert hakuwapo, alikwenda msibani. Audax alisema kesho anaanza kusafisha. Tabu alisema akisafisha hivyo koki haitafunga. Wakabishana, na chumba kikaanza kupata joto, ndipo Hija akafanya kazi ambayo watani wamewekewa duniani.

"Audax, braza, msikilize mtumwa wangu. Wazaramo hawaamki mapema, lakini akiamka anasema kweli."

Tabu naye hakulaza damu. Mambo ya jogoo yakaja, ya kaburi yakaja, kata ikatajwa. Audax alicheka mpaka akavua miwani. Joto likashuka, wakakubaliana Audax asubiri mpaka Alhamisi mchana.

Alhamisi asubuhi Mzee Wilbert alifika, akaketi, akasoma muhtasari. Bi Demetria alimwona akiusoma mara ya pili, kisha akiushika mbali na macho, kama mtu anayetafuta kama karatasi yenyewe ina kasoro. Kisha akawaita wote chumbani.

"Nimefanya kazi ya utumishi tangu wengine hapa hamjazaliwa," alianza. "Sijawahi kusoma kitu kama hiki. Naomba nisome."

Akavaa miwani.

"'Mjumbe wa Tatu alikijulisha kikao kwamba Mjumbe wa Pili ni mtumwa wake. Alifafanua kwamba kabila la Mjumbe wa Pili haliamki mapema. Mjumbe wa Pili alijibu kwamba mababu wa Mjumbe wa Tatu walikuwa wapagazi na waliondoka na kata ya maji, ambayo haijarejeshwa. Mjumbe wa Tatu aliahidi kwamba Mjumbe wa Pili atakapofariki, yeye atajilaza kaburini na kuzuia maziko mpaka alipwe jogoo. Kikao kilipokea taarifa. Yatokanayo: jogoo.'"

Hija aliangalia dari. Mabega ya Audax yalikuwa yanatikisika.

"Utumwa!" alisema Mzee Wilbert. "Ukabila! Kutishia maziko ya mfanyakazi mwenzako! Ndani ya ofisi yangu, na mimi niko msibani! Huyu Mjumbe wa Tatu ni nani?"

Hapo ndege ikapita. Ilikuwa kubwa, ya mizigo, na ilichukua muda wake. Mzee Wilbert alisubiri akiwa amenyoosha kidole. Hija alisubiri akiwa amenyoosha mkono. Madirisha yalipoacha kutetemeka, Hija akasema:

"Mie, mzee."

"Wewe Hija? Na Mjumbe wa Pili?"

"Mie, shikamoo," alisema Tabu.

Mzee Wilbert alimwangalia Hija, akamwangalia Tabu, akamrudia Hija. Kidole kikateremka polepole.

"Wewe si Mnyamwezi?"

"Wa Tabora kabisa, mzee. Maembe na asali."

"Na wewe Mzaramo."

"Wa Kinyerezi kwa sasa."

"Aaa," alisema Mzee Wilbert. Halafu kicheko kikamtoka, kikubwa, cha afisa mstaafu. "Aaa! Sasa si mngesema! Watani! Yatokanayo jogoo! Demetria, mama, mbona hukuandika kwamba wanataniana?"

"Kwenye hatimkato yangu ilikuwamo, mzee," alisema Bi Demetria bila kuinua macho. "Pembeni kila mstari nina alama ya utani. Na majina yalikuwamo. Ila ulisema tukifungua tuache majina na mapambo."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema semina imesema."

Tabu aliona mlango umeachwa wazi, akaingia.

"Mzee, maneno kwenye muhtasari yamebadilika?"

"Hata. Ni yaleyale."

"Ulipoyasoma hujui ni ya nani, ulitaka kufanya nini?"

"Nilitaka kuandika barua mbili za onyo."

"Na sasa?"

Mzee Wilbert aliweka muhtasari mezani. Akavua miwani. Akatazama ukutani, ONYO SIFURI, kisha kabati la mafaili.

"Kompyuta ya Audax ni Demetria," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Inafungua hatimkato, inatupa alama za pembeni, inafuta nani kasema. Halafu inampelekea mwingine ambaye hakuwapo kikaoni."

"Na huyo anashtuka, mzee. Ana haki ya kushtuka."

"Na mimi nimekutilia arobaini kwenye faili."

"Na ushee," alisema Hija.

Wengine wangeishia hapo. Audax alikuwa ameanza kueleza kwamba ni jambo dogo, kila kompyuta itumiwe programu ikiwa bado haijafunguliwa, ifungue yenyewe na kusoma vikaratasi vyenyewe. Itachelewa kidogo, chai itarudi. Tabu alikwisha kusimama. Lakini Mzee Wilbert hakuwa mtu wa kufuta onyo kwa kicheko. Alitoa faili, akafungua kamba.

"Onyo halifutwi jumla. Kila moja lina haki ya kusikilizwa. Keti."

Wakaketi. Alisoma onyo moja moja, kwa Kiingereza cha barua za serikali, na Tabu akalijibia.

"Hili hapa linasema umeteremka bila kusimama."

"Makusudi."

"Hili?"

"Makusudi."

"Hili linasema moja daima ni moja."

"Mgeni huyo. Kifupisho cha kukopa."

"Hili?"

"Mgeni."

"Hili je? Linasema unalinganisha kiwango cha maji na kiwango cha maji."

"Mge..." alianza Tabu.

Akaiomba karatasi. Akaisoma.

"Kwao wapi huyu?" aliuliza Hija, akiwa ameanza kunusa kitu.

Tabu aliisoma tena.

"Nauliza huyu mgeni katokea wapi."

"Kwangu," alisema Tabu.

Kilikuwa kifupisho chake mwenyewe, alichokiandika kwa mkono wake, kimevaa kanzu ya mgeni na kukaa katikati ya wageni. Kazi yake ilikuwa kuuliza kama maji yamezidi alama ya tangi kujaa. Kwa haraka aliandika jina lilelile pande zote mbili. Kisanduku kingekuwa kinauliza usiku na mchana kama maji yamezidi maji, na jibu lingekuwa hapana, na pampu isingezima. Kompaila ilimezea kwa adabu, kwa kuwa kosa lilikuwa ndani ya kifupisho. Kwenye majaribio walitumia ndoo, na kila mara ndoo ilipokaribia kumwagika Hija alichomoa waya ili sakafu isilowe.

"Kwa hiyo Kibamba," alisema Mzee Wilbert taratibu.

"Ingefurika," alisema Tabu. "Ingeanzia uani kwa mama."

Hija alisimama. Alinyoosha shati. Wakati kama huu mtani anaungoja maisha yake yote, na wengine hufa hawajaupata.

"Mzee Wilbert, wajumbe wa Kwanza mpaka wa Nne, mbele yenu nyote: mtumwa wangu kataka kumzamisha mama yake mzazi. Sie tulibeba mizigo, ndiyo. Lakini hatukubebesha mama zetu maji wasiyoyaomba. Naomba iandikwe."

"Kwa majina?" aliuliza Bi Demetria, kalamu tayari.

"Kwa majina na kwa mapambo," alisema Mzee Wilbert.

Kisha akatoa karatasi zote kwenye faili, akabakisha ile moja, akaitazama kwa muda. Uamuzi wake ulikuwa onyo la mdomo, na alilitoa pale pale, kwa mdomo, wote wakiwa wamesimama: "Tabu Suleiman, usirudie." Ile karatasi nayo akampa mwenyewe akae nayo. Kuhusu jina la kisanduku hakusema tena, na Audax hakuuliza. Alikuwa kwenye kompyuta zake akirekebisha mpango, Tabu kwenye yake akirekebisha kifupisho, huku maji ya chai yakichemka taratibu nyuma yao kama zamani.

Jumamosi walikwenda Kibamba. Hija alifunga waya, Tabu akaweka programu, majirani wakasimama na ndoo kwa mstari ambao kila mtu alidai yeye ndiye wa kwanza. Yule wa matoroli alikuja pia, akasimama mbali, amekunja mikono. Pampu ikawaka. Tangi likajaa. Kila mtu alitazama juu, Tabu zaidi ya wote, na mkononi alikuwa ameikunja ile karatasi mpaka ikawa ndogo kama ndimu.

Pampu ikazima.

Watu wakatazamana, hawajui kama kuzima ni kuharibika. Tabu akatafuta kwenye mkoba kikaratasi na gundi, akabandika kwenye kisanduku: "Imezima yenyewe. Makusudi." Watu wakapiga vigelegele.

Katikati ya vigelegele hivyo Hija alisimama juu ya tofali.

"Mabibi na mabwana wa Kibamba! Msinipigie mie makofi. Huyu mnayemwona ni mtumwa wangu, nimemleta anifanyie kazi, na alikuwa anataka awazamishe!"

Vigelegele vikakatika kama umeme. Mwenye duka wa kona, aliyedhani ni mambo ya kodi, alirudi nyuma hatua. Bi Mwanakombo alijitoa kwenye kundi, khanga mabegani, kidole tayari, na mdomo wake, ambao maisha yake yote haukuwahi kuuliza kwanza, ulikwisha kufunguka. Tabu alifumba macho.

Lakini mama yake alikuwa amesikia lafudhi. Alisimama. Akamtazama Hija kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe kijana," alisema, "kwenu wapi?"

"Tabora, mama. Shikamoo."

"Tabora!" Bi Mwanakombo akageukia majirani, uso umefunguka. "Mnashangaa nini? Mtumwa wetu huyo kaja mwenyewe! Mleteeni kiti, kile kibovu. Na maji ya kwanza apewe yeye, maana kwao hawajanywa tangu enzi za babu yake."

Akapewa kiti kibovu, chenye kikaratasi, na maji ya kwanza ya tangi jipya, yamejazwa kwenye kata nzuri ya kifuu, mpini mrefu, ambayo Bi Mwanakombo huitoa kwa wageni tu. Akanywa mpaka tone la mwisho. Akashukuru. Akawatukana wote kidogo, wakamrudishia, na jua lilipoanza kupoa wakapakia vifaa wakaondoka.

Bi Mwanakombo alipoingia ndani kuosha vyombo, kata hakuiona.